Sicilia kwa mtu wa Tanga: panelle, pweza, kuskus na mambo ya safari

Mtu wa Tanga akitaka kupika chakula cha Sicilia, huanza kwa kukimbilia duka kubwa kutafuta makopo. Hakuna haja. Kisiwa kile kipo katikati ya Bahari ya Mediterania, baina ya Italia bara na Tunisia, na watu wake wanaishi kwa samaki, ngano, dengu, bilinganya, malimau na machungwa. Ukizunguka Ngamiani asubuhi na ukapita Deep Sea boti zikiingia, umeshapata karibu vyote. Kinachopungua kweli ni mafuta mazuri ya zeituni. Kinachozidi ni mkono wetu: nazi, bizari, tangawizi, thomu na pilipili, vyote ndani ya sufuria moja. Mpishi wa Palermo, mji mkuu wa Sicilia, anapenda kupunguza. Samaki, chumvi, mafuta, limau, basi. Ukishindwa kujizuia hapo utakula chakula kitamu, ila kitakuwa cha Tanga.

Kukaribiana huku kwa majiko kuna historia yake. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Mazara mwaka 827, yakaitwaa Palermo mwaka 831, na Wanormani hawakumaliza kukiteka kisiwa hadi 1091. Limau, miwa na bilinganya zilishamiri huko katika enzi hiyo. Baadaye mfalme wao Roger II alimweka Palermo mwanajiografia al-Idrisi, ambaye mwaka 1154 alikamilisha maelezo yake ya dunia. Ametaja Trabia, mashariki ya Palermo, ambako tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa melini kwenda nchi nyingine. Na humo humo ametaja Malindi na Mombasa. Kwa hiyo Palermo ilikuwa na habari za mwambao huu zamani sana.

Tuanze na panelle, maana ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo watu wanaiharibu kuliko vyote. Ni vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, vinavyouzwa barabarani Palermo ndani ya mkate wenye ufuta. Unga ni ule ule wa bajia. Chukua nusu kilo, uchekeche, kisha uutie maji baridi kidogo kidogo huku ukikoroga hadi yafike lita moja na robo. Vitabu vya Italia vinasema lita moja na nusu, lakini anzia chini. Ukiona mzito mno ongeza maji ya moto wakati wa kupika. Maji lazima yawe baridi mwanzoni. Ukianza na ya moto, unga unashikana madonge na hata ukiuchuja hautanyooka tena. Tia chumvi vijiko viwili vidogo, uache utulie nusu saa, uondoe povu la juu.

Bandika kwenye moto mdogo, koroga na mwiko bila kuacha. Kwa dakika 10 za kwanza utadhani hakuna kinachotokea, kisha ghafla unaanza kuwa mzito. Hapo ndipo wengi wanaepua, na hapo ndipo pana kosa. Unga wa dengu usioiva una uchungu fulani wa ubichi, na ukiingia kwenye mafuta unapasuka. Endelea dakika 20 hadi 25, mpaka rojo liachane na kuta za sufuria na mwiko usimame wenyewe. Changanya paseli iliyokatwa ndogo ndogo, ile inayoteremshwa kutoka Lushoto. Kotmiri inafaa pia, ingawa ladha itaelekea kwingine.

Kinachofuata kinataka haraka. Rojo likipoa kidogo tu linaganda na halitandaziki. Kwa hiyo sahani zako, au ubao uliopakwa mafuta kidogo, ziwe tayari kabla hujaepua. Tandaza unene wa nusu sentimita, lainisha juu kwa kisu kilicholowanishwa, acha lipoe kabisa. Kata vipande ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kaanga kwenye karai la mafuta ya alizeti yaliyochemka barabara: dondosha kipande kidogo, kikitulia chini bila povu, ngoja. Dakika tatu au nne, kingo zinakuwa za dhahabu na katikati inabaki laini. Toa, chumvi, limau, weka ndani ya boflo ikiwa ya moto. Usikaange kwa mafuta ya zeituni. Ni kupoteza pesa, na ladha ya dengu inafunikwa.

Sasa pweza. Hapa Tanga hatuhitaji kufundishwa kumjua pweza, ila upikaji wa Palermo na ufukwe wake wa Mondello ni mwingine kabisa: anachemshwa, anakatwa mbele yako, anakamuliwa limau, unakula umesimama. Hakuna rojo la kuficha kosa. Mnunue wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na wavuvi wanatembea mwambani. Siku za maji mafu wanapatikana wachache na wengi wao wamelala kwenye barafu. Chagua wa kilo moja hadi moja na nusu. Wadogo sana hupungua wakabaki kamba tupu, na mikubwa ya kilo tatu inataka saa nyingi.

Msafishe kichwa, toa wino, toa macho na ule mdomo mgumu ulio katikati ya mikia. Kisha mgandishe kwenye friza siku mbili. Barafu inapasua nyuzi za nyama, nawe unapumzika kumpiga kwenye jiwe. Papai bichi liache: linalainisha nje likafanya utelezi, ndani anabaki mpira. Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo sana, kwa sababu pweza ana chumvi yake ya bahari. Mshike kichwa, chovya mikia mara tatu ukimtoa kila mara, hadi ijikunje, kisha umzamishe. Punguza moto hadi maji yatikisike tu. Maji yakichemka kwa fujo, ngozi nyekundu inachunika na nyama inakaza. Kilo moja inachukua dakika 40 hadi 50. Pima kwa ncha ya kisu pale mkia unapoungana na kichwa, siyo nchani: kisu kikiingia bila kusukumwa, zima moto. Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa, muache ndani ya maji yake dakika 20. Ukimtoa akiwa wa moto anakauka juu na kukaza upya. Kata vipande vinene, limau, mafuta ya zeituni, basi. Mwenye hamu ya mkaa anaweza kumpitisha kwenye jiko la makaa dakika mbili kila upande baada ya kuchemshwa, asimweke mbichi.

Kuskus ya samaki, yaani vijipunje vya ngano vilivyopikwa kwa mvuke na kutiwa mchuzi wa samaki, ndiyo fahari ya upande wa magharibi, Trapani na San Vito Lo Capo, na ndiyo inayoonyesha wazi kwamba Tunisia iko jirani. San Vito hufanya tamasha la kuskus kila Septemba tangu 1998. Kuskus ya pakiti ya kuloweka dakika tano inaliwa, lakini haina habari. Ile ya mkono inawezekana kwa suji, mradi iwe ya punje nene. Suji laini itakupa donge.

Nusu kilo ya suji imwage kwenye sinia pana. Weka pembeni bakuli la maji yenye chumvi, yasiyofika robo lita, na huenda yasiishe. Chovya vidole, nyunyizia, kisha zungusha ncha za vidole juu ya suji kwa mzunguko mmoja, bila kukandamiza. Kila tone linakusanya punje kadhaa. Nyunyizia tena, zungusha tena, taratibu, kwa robo saa au zaidi, mpaka upate vijipunje vya ukubwa wa kichwa cha pini. Kukandamiza kunafanya donge. Maji mengi mara moja yanafanya uji. Chekecha, zilizobaki kubwa zivunje, zilizopita laini mno zirudishe siniani. Tandaza kwenye kitambaa nusu saa zikauke juu. Kisha tia vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo, pilipili manga, ukichanganya kwa vidole.

Mvuke sasa. Trapani wana chungu maalumu cha udongo chenye matundu. Hapa chukua chujio la chuma linalokaa vizuri juu ya sufuria. Pale panapokutana chujio na sufuria, ziba kwa mkanda wa unga wa ngano uliokandwa na maji. Bila kuziba, mvuke unatorokea pembeni na punje za juu zinabaki mbichi hata ukikaa saa mbili. Usijaze chujio na usishindilie. Saa moja na robo hadi saa moja na nusu, ukichambua kwa uma kila baada ya dakika 20.

Huku ikiiva, pika mchuzi. Unataka kilo moja na nusu ya samaki mchanganyiko: chewa kwa minofu, changu na tasi kwa ladha, na kamba wachache wenye vichwa. Tenga minofu. Vichwa na mifupa vitoe matamvua yote. Damu iliyobaki humo ndiyo inayofanya mchuzi uwe mchungu. Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta ya zeituni taratibu, weka punje nne za thomu na lozi gramu 50 vilivyotwangwa pamoja kwenye kinu, kisha nyanya nusu kilo zilizomenywa. Zikishakauka, tia vichwa, mifupa, vichwa vya kamba na lita mbili za maji. Dakika 35, zisizidi 40. Wengine hufikiri mchuzi wa samaki unakuwa mzuri kadiri unavyokaa motoni kama supu ya mifupa ya ng'ombe, kumbe mifupa ya samaki hutoa gundi na uchungu. Chuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, kwa sababu mwiba mmoja ndani ya kuskus unaharibu meza nzima. Rudisha motoni, tumbukiza minofu dakika sita, kamba dakika mbili.

Kuskus ikishaiva imwage kwenye bakuli kubwa, mwagia mchuzi wa moto vikombe viwili, changanya, funika kwa sahani na ufunge kwa blanketi au kanga kadhaa. Saa nzima. Ndiyo, saa nzima. Ikifunuliwa mapema, punje zimelowa nje na ngumu ndani. Ikikaa, kila moja imevimba na imeachana na mwenzake. Pakua, weka samaki juu, mchuzi uliobaki upelekwe mezani kando. Ukiona mtu anatafuta ndimu na pilipili mbuzi, mwache, ni nyumbani kwake.

Kwa saladi ya machungwa neno ni fupi. Menya machungwa manne ya Muheza kwa kisu hadi ngozi nyeupe yote iondoke, kata duara, weka vipande vyembamba vya kitunguu kilichooshwa kwa maji ya chumvi, zeituni nyeusi, pilipili manga, mafuta ya zeituni, na chumvi dakika ile ya kula, kwani ikitangulia inatoa maji yote. Usidanganywe na rangi ya ganda. Chungwa letu linabaki la kijani hata likiiva kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi. Baridi hiyo hiyo ya usiku, kwenye miteremko ya mlima Etna, ndiyo inayoyafanya machungwa ya tarocco na moro yawe mekundu ndani kama damu. Kwa saladi hii, ya Muheza yanatosha kabisa.

Mafuta ya zeituni yanunue kidogo kidogo. Chupa ya kioo cheusi au kopo, lililoandikwa extra virgin, na uangalie tarehe. Chupa nyeupe iliyokaa dirishani mwa duka kwenye jua la Tanga imeshachacha hata kama haijafunguliwa. Ukinusa utasikia harufu ya karanga za zamani.

Kwa anayetaka kwenda mwenyewe, visa ndiyo kazi ya kwanza. Ni ile ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ya muda mfupi, siku 90 ndani ya kila siku 180, na maombi ya Italia yanashughulikiwa Dar es Salaam. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Anayengoja siku 15 anajitafutia presha. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na iishe si chini ya miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka eneo la Schengen. Taarifa ya benki yenye fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki iliyopita inaleta maswali kuliko akaunti ndogo yenye mwendo wa kawaida. Na tarehe za tiketi, hoteli na bima zioane. Ni jambo dogo, lakini linaangusha watu.

Nenda Aprili hadi mapema Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti ni joto kavu, upepo wa sirocco unavuma kutoka Sahara, na katikati ya Agosti, hasa tarehe 15, Waitalia wenyewe wako likizo na milango mingi imefungwa. Anayefuata machungwa mekundu aende Januari au Februari, achukue koti. Kutoka uwanja wa ndege wa Palermo hadi mjini ni kama kilomita 35, basi au treni inachukua karibu saa nzima. Palermo hadi Trapani basi ni takriban saa mbili. Gari la kukodi linafaa vijijini; katikati ya Palermo kuna maeneo ya magari yenye kibali tu, yanayolindwa na kamera, na faini inakufuata baada ya safari.

Soko la Ballarò, pale Palermo, liingie asubuhi, wauza samaki wakiwa bado wananadi kwa sauti. Mchana kati ya saa saba na saa kumi maduka mengi yanafunga, na migahawa haipiki chakula cha usiku kabla ya saa moja na nusu au saa mbili. Ukikaa mezani utatozwa coperto, kati ya euro 1 na 3 kwa mtu, hata usipogusa mkate. Siyo wizi, ndiyo desturi. Kinachouma zaidi ni bei ya samaki: ukiona "all'etto" kwenye orodha, bei hiyo ni ya gramu 100. Samaki wa euro 6 mwenye gramu 600 ni euro 36. Mwambie ampime kwanza, mbele yako. Na kinyota kidogo pembeni ya jina la chakula mara nyingi maana yake ni bidhaa iliyogandishwa. Soma chini ya ukurasa.

Wasafiri Waislamu, sikilizeni vizuri, kwa sababu nguruwe wa Sicilia anajificha pasipo nyama. Sandwichi maarufu ya wengu, pani ca meusa, ni wengu wa ng'ombe, lakini unakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Ganda la cannolo, kitamutamu cha mrija uliokaangwa na kujazwa jibini tamu, kwa desturi lina mafuta hayo ndani ya donge na mara nyingi lina mvinyo wa Marsala. Brioche, mikate laini ya kulia na granita (barafu tamu iliyokwanguliwa), baadhi ya waokaji huzitia mafuta hayo pia. Arancina, donge la wali lililokaangwa, ile ya siagi ina ham, yaani nyama ya paja la nguruwe, ndani, na ile ya nyama huenda imechanganywa. Neno la kuuliza ni "strutto", yaani mafuta ya nguruwe: "C'è strutto?" Hata muuza duka mwenye haraka atajibu ndiyo au hapana. Usiulize tu kama kuna nyama ya nguruwe, maana kwake mafuta si nyama. Panelle, pweza, granita ya lozi au limau, matunda ya martorana ya lozi na sukari, kwa kawaida hayana tatizo. Kuskus ya samaki uliza mvinyo tu.

Kwenye sanduku rudi na kapari, yaani vichipukizi vya maua vya kiungo, za kisiwa cha Pantelleria, zilizohifadhiwa kwa chumvi kavu. Hazivuji na hazioneshi uzito. Mafuta ya zeituni yaweke kwenye begi linalopakiwa tumboni mwa ndege, ndani ya kopo na siyo chupa, na kopo hilo lifungwe kwenye mifuko miwili. Kapari zenyewe zisitiwe sufuriani zilivyo: zioshe, ziloweke dakika 20, badilisha maji, ziloweke tena, kisha onja moja. Chumvi ikiwa bado kali, mara ya tatu.